Macdonald: Mhandisi aliyechora njia ya reli na kuiacha Gusii kando

Msafiri anayetoka mjini Kisii kuelekea Migori hupita Suneka kabla hajatulia vizuri kwenye kiti cha matatu. Ni mji wa kando ya barabara kuu: maduka pande mbili za lami, waendeshaji boda boda kwenye maegesho yao, uwanja mdogo wa ndege unaotumika kwa eneo zima la Gusii, na malori yanayopita yakiwa na ndizi, chai, mahindi na simiti. Kitu kimoja hakijapata kuwapo hapo, nacho ni reli.

Sababu ya jambo hilo haikuanzia Nairobi, wala haikuanza baada ya uhuru. Chimbuko lake ni kazi iliyofanywa kati ya Desemba 1891 na Septemba 1892 na kundi dogo la wahandisi wa jeshi la Uingereza, ambao njia yao haikugusa nchi ya Abagusii. Kiongozi wao alikuwa Kapteni James Ronald Leslie Macdonald.

Vitabu vya historia vya Afrika Mashariki humtaja Macdonald kwa mambo mengine. Yeye ndiye aliyemchunguza Frederick Lugard baada ya vita vya Mengo, ndiye aliyekabiliana na uasi wa askari wa Kisudani mwaka 1897, na miaka michache baadaye aliongoza jeshi lililoingia Tibet. Hata hivyo, vita hivyo vyote vimekwisha na wahusika wake wamekuwa majina ya mitihani, ilhali mstari aliouchora ungali unaamua hadi leo ni mji gani una stesheni na ni mji gani unategemea lori.

Macdonald alizaliwa mwaka 1862 katika ukoo wa Kiskoti. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Aberdeen, kisha akaingia chuo cha kijeshi cha Woolwich, na mwaka 1882 akapewa cheo katika kikosi cha wahandisi wa kifalme. Kama vijana wengi wa kikosi hicho, alipelekwa India. Huko, kwenye mpaka wa kaskazini magharibi, alifanya kazi za barabara za kijeshi na za reli katika milima mikavu. Mpakani hapo reli ilijengwa kwanza kwa ajili ya askari, ili wafike mahali pa vita kabla adui hajajipanga, na bidhaa na abiria wa kawaida walifuata nyuma. Fikra hiyo alikuja nayo Afrika.

Wakati huo Uganda ilikuwa imewaelemea Waingereza. Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, iliyopata hati yake mwaka 1888 chini ya Sir William Mackinnon, ilimtuma Lugard hadi Mengo, alikofika Desemba 1890. Lakini kila risasi, kila kitambaa na kila gunia la chumvi lililokwenda Uganda lilibebwa kichwani na wapagazi kutoka Mombasa, mwendo wa miezi. Kwa gharama hiyo, takriban pembe za ndovu pekee ndizo zilizoweza kulipia safari ya kurudi. Kampuni ilikuwa inafilisika.

Kampuni ilijaribu kwanza kwa nguvu zake yenyewe. Mwaka 1890 ilianza kutandika reli nyembamba kutoka Mombasa, ikaipa jina kubwa la reli ya Afrika ya Kati, na ikaishia maili chache tu kutoka pwani. Wazungu wa Mombasa waliitumia kwenda matembezi ya jioni.

Hapo ndipo kampuni ilipoigeukia serikali. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulikuwa umewataka wakoloni wajenge njia za reli ili kuua biashara ya watumwa, na hoja hiyo iliwapa wanasiasa wa London kisingizio cha heshima. Serikali ilikubali kutoa pauni 20,000, si za kujenga, bali za kupima tu: je, reli kutoka Mombasa hadi ziwa Victoria inawezekana, itapita wapi, na itagharimu kiasi gani? Siku hizi tungeuita upembuzi yakinifu. Wabunge waliokuwa wakiipinga safari hiyo waliichelewesha, na fedha zenyewe hazikuidhinishwa hadi Machi 1892, wakati wapimaji walikuwa wamekwisha kuwa porini kwa miezi kadhaa.

Macdonald aliitwa kutoka India kuiongoza kazi hiyo. Alikuwa na umri wa miaka 29. Wasaidizi wake walikuwa Kapteni John Pringle na maluteni Herbert Austin na Philip Twining, wote wahandisi wa jeshi, pamoja na wapimaji wa Kihindi na mamia ya wapagazi. Wapagazi hao hawatajwi kwa majina katika taarifa za serikali, lakini bila mabega yao hakuna hata futi moja ambayo ingepimwa.

Kazi ya mpimaji wa reli haifanani na ya mpelelezi wa njia za miguu. Mtu anayetembea anaweza kupanda mlima kwa kushika miti, lakini garimoshi haliwezi. Mteremko ukizidi kiasi kidogo tu, injini hushindwa kuvuta, kwa hiyo mpimaji hutafuta mabonde na mabega ya vilima yanayopanda polepole, hata kama njia itarefuka. Pili, injini ya mvuke hunywa maji kama ng'ombe, na kila kituo kinahitaji kisima au mto. Tatu, lazima kuwe na kuni za kuchoma, mawe ya kutandika na miti ya mataruma. Usiku, baada ya mwendo wa mchana kutwa, wahandisi walikaa hemani wakiyageuza waliyoyapima kuwa ramani.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa nyika ya Taru, ambayo haina maji na miiba yake imeshikamana kama ukuta. Kisha Tsavo, kisha Kibwezi, kisha mbuga za Athi, hadi kwenye misitu ya Wakikuyu. Nairobi haikuwapo; palikuwa na kinamasi na mto wa maji baridi ambapo Wamaasai walinywesha mifugo. Baada ya Kikuyu ardhi inakatika ghafla na kuporomoka hadi Bonde la Ufa, na hapo ndipo wahandisi walipoumiza vichwa zaidi. Ng'ambo ya bonde, baada ya Naivasha na Nakuru, ulikuwa ukuta wa pili, yaani Mau, ambao njia ililazimika kuuvuka kwa mwinuko wa zaidi ya futi 8,000.

Kutoka Mau, Macdonald aliuelekeza mstari wake kaskazini magharibi, akaushusha upande wa mto Nzoia hadi kwenye ghuba ya Berkeley, pembe ya kaskazini mashariki ya ziwa. Mahali hapo pakaja kuitwa Port Victoria. Uchaguzi huo ulikuwa na mantiki yake. Misafara ya pwani ilikuwa tayari ikipita Mumias, chakula kilipatikana kwa Waluhya, na kutoka ghuba ile chombo kingevuka maji mafupi kuingia Uganda.

Nchi ya Abagusii ilibaki mbali kusini, nje ya mstari huo. Udongo wake ni mwekundu, mvua zake hazikosi, na watu wake walikuwa wengi na wakulima hodari. Kwa reli inayotafuta mizigo, hiyo ilikuwa nchi ya kuitamani. Lakini swali aliloulizwa Macdonald halikuwa wapi kuna mazao. Aliulizwa namna ya kufika Uganda kwa gharama ndogo. Kwa swali hilo, vilima vya Gusii vilikuwa kikwazo tu, kwani vingelazimisha mstari uzunguke kusini ndipo ugeuke tena kaskazini. Katika ramani za Waingereza za miaka ile eneo hilo lilikuwa karibu tupu, na mahali patupu kwenye ramani hapapangiwi stesheni.

Ripoti ilichapishwa mwaka 1893. Ilisema reli inawezekana, kwamba itakuwa na urefu wa maili 657, sawa na kilomita 1,057, na kwamba itagharimu pauni 2,240,000. Kwa watu waliokuwa wakiiona safari ya Uganda kama ndoto ya vichaa, tarakimu hizo zilikuwa kitu cha kushika mkononi. Mabishano yaliyofuata bungeni kwa miaka mitatu yalifanyika juu ya karatasi za Macdonald.

Mwenyewe hakuwa London kuzitetea. Kabla hajaondoka Afrika Mashariki alifikiwa na agizo la kurudi Uganda kuchunguza vita vya Januari 1892 kule Mengo, ambavyo Wakatoliki na Waprotestanti wa Buganda walipigana huku Lugard akiusaidia upande wa Waprotestanti kwa bunduki za Kampuni. Macdonald alimwona Lugard kuwa na lawama kubwa. Ripoti hiyo ilifichwa na serikali, wawili hao wakawa mahasimu, na mwaka 1898 Uingereza ikalipa fidia ya pauni 10,000 kwa hasara ya wamisionari wa Kifaransa. Lugard alipanda hadi kuwa gavana mashuhuri na lodi. Jina la mchunguzi wake lilibaki nyuma.

Mwaka 1893 Sir Gerald Portal alifika Uganda kuamua kama Uingereza ibaki au iondoke, na alipoondoka mwishoni mwa Mei alimwachia Macdonald usimamizi wa nchi. Mhandisi huyo akajikuta mtawala kwa miezi kadhaa hadi Novemba. Hakuonyesha huruma nyingi. Waislamu wa Buganda walipotishia kuasi, aliwashambulia, na akamkamata Selim Bey, afisa mzee wa askari wa Kisudani, kwa madai kwamba aliwaunga mkono. Selim Bey alifariki akiwa njiani kupelekwa pwani, akiwa mfungwa, karibu na Naivasha. Wasudani hawakulisahau jambo hilo.

Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896, baada ya Bunge kuidhinisha pauni milioni 3. Mhandisi mkuu alikuwa George Whitehouse, mtu wa kiraia, na vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka India. Takriban 2,500 kati yao walikufa kwa maradhi, ajali na, kwa wachache waliopata umaarufu usiolingana na idadi yao, simba wa Tsavo. Kila kilichotokea kilizidi hesabu za 1893. Upana wa njia ulibadilishwa kutoka futi 3 na inchi 6 alizopendekeza Macdonald hadi mita moja, ili vifaa vya India vitumike. Gharama ya mwisho ilifika kama pauni milioni 5.5.

Wapo waliomlaumu Macdonald kwa tofauti hiyo. Lawama hiyo haimstahili yote. Alipima kwa miezi tisa nchi ambayo haikuwa na ramani, na alikadiria njia nyepesi kuliko ile iliyojengwa. Kosa kubwa zaidi lilikuwa la wale walioichukua tarakimu ya upimaji wa haraka na kuifanya ahadi mbele ya Bunge, tabia ambayo Wizara za Ujenzi na Uchukuzi za Afrika Mashariki zimekuja kuifahamu vizuri.

Badiliko lililoumba ramani ya magharibi mwa Kenya lilikuja reli ikiwa tayari inasonga. Wahandisi wa Whitehouse walipima upya upande wa pili wa Mau, wakaona kwamba mstari ukishuka kwa bonde la mto Nyando hadi ghuba ya Kavirondo utakuwa mfupi kwa makumi ya maili. Njia ya Macdonald ya Nzoia ikawekwa kando. Reli iliyokamilika ilikuwa na maili 582 hivi, na mnamo Desemba 1901 ilifika ziwani mahali palipoitwa Port Florence, yaani Kisumu.

Kwa kalamu hiyo moja, Port Victoria, iliyokuwa imeandikiwa kuwa mlango wa Uganda, ilibaki kuwa mji mdogo wa wavuvi katika kaunti ya Busia. Kisumu ikapata gati, karakana ya meli, benki, maduka ya Wahindi, na hatimaye hadhi ya jiji. Meli ya William Mackinnon, ambayo sehemu zake zililetwa vipande vipande kutoka pwani, ilikuwa imeteremshwa majini huko tangu 1900.

Wakati hayo yakiendelea, Macdonald alikuwa amezama katika balaa jingine. Mwaka 1897 alirudi Afrika Mashariki akiongoza msafara ambao hadharani ulikuwa wa kutafuta chanzo cha mto Juba, na kwa siri ulikuwa wa kuwatangulia Wafaransa kwenye Naili ya juu. Askari wa Kisudani waliotakiwa kufuatana naye walikuwa wamechoka, wamecheleweshewa mishahara na walitakiwa kuwaacha wake zao. Septemba 1897, karibu na Eldama Ravine, waliasi na kuelekea Busoga, wakajichimbia katika ngome ya Lubwa kando ya ziwa. Waliwaua maafisa wa Kiingereza waliokuwa mikononi mwao.

Macdonald aliwafuata na kuwazingira hadi Januari 1898. Tarehe 11 Desemba 1897 mdogo wake, Luteni Norman Macdonald, aliuawa katika mapigano ya hapo, siku ileile aliyouawa mmisionari George Pilkington, mtafsiri mkuu wa Biblia ya Kiluganda. Misaada kutoka pwani ililazimika kutembea, kwa kuwa ncha ya reli ilikuwa bado katika nyika ya Voi. Mtu aliyepima njia ile miaka mitano nyuma alimzika nduguye kando ya ziwa ambalo garimoshi lilikuwa halijalifikia.

Kwa upande wa Gusii, athari ya mstari ule ilianza kuonekana haraka. Waingereza walituma majeshi huko mwaka 1905, wakaweka kituo cha utawala Kisii, na Januari 1908 kijana Otenyo alipomchoma mkuki mkuu wa wilaya Geoffry Northcote, walirudi na adhabu kali ya moto na utekaji wa ng'ombe. Northcote alipona, na baadaye akawa gavana wa Hong Kong. Kila mara askari na mizigo yao waliteremka kwenye reli Kisumu, wakapanda chombo hadi Kendu, kisha wakapanda vilima kwa miguu.

Vita Kuu ya Kwanza vilipozuka, njia hiyo ilijaribiwa. Septemba 1914 Wajerumani waliingia Kisii kutoka upande wa kusini. Kikosi cha Waingereza kilitoka Kisumu kwa meli hadi Kendu, kikatembea hadi mjini, na tarehe 12 Septemba pakatokea pigano ambalo liliwafanya Wajerumani warudi nyuma. Kusini mwa ghuba hapakuwa na reli, kwa hiyo ziwa lilifanywa kuwa reli.

Hali hiyo ndiyo iliyopanga uchumi wa eneo kwa miongo mingi. Abagusii waliporuhusiwa kupanda kahawa katika miaka ya 1930, wakiwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza nchini kupewa ruhusa hiyo, zao hilo lilianza safari yake kwa barabara za udongo ambazo mvua ileile inayostawisha kahawa ndiyo inayozigeuza kuwa matope. Tope la barabara likawa gharama ya kudumu ya mkulima. Miji ya eneo hilo haikukua kuzunguka stesheni, bali kando ya njia za magari, na Suneka ni mmoja wao.

Barabara ya Isebania kupitia Kisii hadi Ahero, inayopita Suneka, imefanyiwa ukarabati mkubwa katika karne hii kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Nayo reli mpya ya kisasa iliyofika Nairobi mwaka 2017 na Naivasha mwaka 2019 ilichorewa sehemu ya kwenda Kisumu kupitia Narok, Bomet na Nyamira, tofauti kabisa na njia ya Mau na Nyando. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mchoro wa reli kuu kuelekezwa kwenye vilima vya Gusii, zaidi ya miaka 120 baada ya wapimaji wa kwanza kuondoka Mombasa. Hata mchoro huo haukuigusa Suneka.

Macdonald aliyaandika mambo yake ya Afrika katika kitabu kilichotoka mwaka 1897, kuhusu uaskari na upimaji katika Afrika Mashariki ya Waingereza. Baada ya uasi wa Wasudani alisonga kaskazini hadi nchi za Karamoja na ng'ambo yake, akatia saini mikataba na machifu, lakini Fashoda hakuifikia. Suala hilo liliamuliwa na jeshi la Kitchener lililokuja kutoka Misri. Mwaka 1903 na 1904 aliongoza jeshi la msafara wa Younghusband huko Tibet, akapewa usa, akapanda hadi cheo cha meja jenerali. Msaidizi wake Pringle aliendelea na reli, akawa mkaguzi mkuu wa usalama wa reli za Uingereza. Austin akawa mpelelezi wa ziwa Rudolf, ambalo leo ni Turkana.

Macdonald alifariki mwaka 1927. Miaka hiyo Waingereza walikuwa wakijenga tawi jipya kutoka Nakuru kupitia nyanda za Eldoret kuelekea Uganda, wakiiacha Kisumu pembeni kwa safari za Kampala na kurudi upande uleule wa kaskazini ambao yeye alikuwa ameupendekeza mwanzoni. Garimoshi liliingia Kampala mwaka 1931. Tawi jingine lilijengwa kutoka Kisumu kwenda Butere. Kusini mwa ghuba hakukutandikwa taruma hata moja, na mizigo ya Gusii ikaendelea kuteremshwa kwenye magati ya Kendu na Homa Bay, hadi malori yalipoichukua.